Nafasi Kati ya Saul na Grodner

"Hayo si maneno yangu," alisema Saul Grodner.

Nettie, mkewe, hakuinua kichwa. Alikuwa ameinamia meza ya jikoni, kalamu ya wino mkononi, na mbele yake karatasi nene ya ukurasa wa kumi na nne wa Bibi Daraja, toleo la sitini na moja. Kwenye picha, Bibi Daraja alikuwa amesimama mtoni, maji yamemfika kiunoni, amebeba daraja zima mabegani, na juu ya daraja watu wakikimbia na watoto wao. Kiputo cha maneno kilichotoka kinywani mwake kilikuwa na herufi safi za Nettie, na wino ulikuwa haujakauka.

"Nimekwambia mara ngapi usinichungulie nikiwa kazini?"

"Nimekuja kuchukua sukari."

"Sukari haiko mezani kwangu."

"Nettie, usinizungushe! Mimi niliandika: 'Tetemekeni, enyi nguvu za giza! Maadamu mabega haya yana uhai, daraja hili halitaanguka kamwe!' Hapa pameandikwa nini?"

Nettie akasoma kwa sauti ndogo. "'Miguu inaniuma. Piteni haraka.'"

Kicheko kikasikika kutoka kwenye kiti cha dirishani. Ni Mama Pesha, mamake Nettie, mwenye umri wa miaka sabini na tisa, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia lakini masikio yake yalikuwa mazima, tena mazima kupita kiasi. "Maskini mtoto wa watu," alisema. "Na maji yale yalivyo baridi!"

Saul hakucheka. Katika nyumba ile ya mtaa wa Flatbush, yeye ndiye aliyebuni hadithi na maneno, na Nettie ndiye aliyeyaandika maneno hayo kwa mkono ndani ya viputo, maana huo ndio ulikuwa ufundi wake tangu usichana. Wote wawili walikula kwa kampuni moja ya katuni kule Manhattan. Bibi Daraja alikuwa binti wa Saul, kama mtu anaweza kumzaa mtu kwa taipureta: mchana ni Connie Varga, mkusanya ushuru wa daraja, na mambo yakiharibika, ndiye huyo anayebeba vyuma. Saul alimbuni mwaka 1969, na sasa ilikuwa 1975. Matoleo yakishachapwa hakuwa akiyafungua hata siku moja. Alisema yanamtia uchungu, rangi zimekosewa, karatasi mbovu. Yalikwenda moja kwa moja kabatini.

Akaichukua karatasi yake ya taipureta iliyokuwa kando ya wino. Maneno yake yote yalikuwepo, ila yale ya ukurasa wa kumi na nne yalikuwa yamezungushiwa penseli ya buluu, penseli ya mhariri.

"Dale," akasema. "Ni yule mtoto Dale."

Nettie aliifunga chupa ya wino.

Huyo Dale Kittredge alikuwa mhariri wa Bibi Daraja, kijana wa miaka ishirini na sita, nywele mpaka mabegani, katoka Ohio. Kila asubuhi saa nne simu ililia, na Dale akamtaka Bi. Nettie. Saul, akiwa chumbani mbele ya taipureta yake, alimsikia mkewe akicheka. Siku nyingine alicheka mara tatu. Saul alikuwa anahesabu, jamani, mwanamume mzima wa miaka hamsini na mmoja, na siku aliyofika mara nne hakuweza kuandika mpaka jioni.

"Kesho naenda ofisini," alisema. "Atanieleza ni nani aliyemzaa huyu mwanamke."

"Saul, usiende."

"Kwa nini nisiende?"

"Nakuomba tu."

Ombi hilo ndilo lililomfanya achague tai usiku ule ule.

*

Ofisini alikaa kwenye benchi dakika arobaini. Msichana wa mapokezi alimuuliza jina mara mbili, mara ya pili akamwomba alitaje herufi kwa herufi. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya Bibi Daraja iliyopigwa rangi mpya. Saul aliitazama picha, akamtazama msichana, akangoja mmoja wao amtambue.

Dale alimpokea kwa mikono miwili. "Bwana Grodner! Karibu, karibu sana. Ungepiga simu ningekuagizia hata kahawa nzuri. Hii yetu ni sumu."

"Sikuja kunywa kahawa." Saul alibaki amesimama. "Nimekuja kukuuliza swali moja. 'Miguu inaniuma.' Nani kakuruhusu?"

Uso wa Dale ukang'aa. "Ukurasa wa kumi na nne! Bwana Grodner, nilipoyapata maneno hayo nilitoka nikaenda kuyasoma kwa sauti chumba cha wachoraji. Mmoja alitokwa machozi, wallahi."

"Ni shujaa! Shujaa haumwi miguu!"

"Huyu anaumwa. Ndiyo maana wanamnunua." Dale akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi. "Toleo la arobaini na nane, wakubwa walikuwa wameshaamua kukifunga kitabu. Nilikuwa na barua yenyewe mkononi. Toleo la hamsini mauzo yakaanza kupanda, na hayajashuka mpaka leo. Si michoro, mchoraji ni yule yule. Si visa, utanisamehe, visa ni vile vile. Ni anavyoongea."

"Yaani unavyomwongelesha wewe."

"Mimi?" Dale alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akaiweka karatasi chini polepole. "Bwana Grodner... mimi kazi yangu ni kuzungushia tu. Naona hapa panalegea, nazungusha penseli, nampigia Bi. Nettie namuuliza, wewe ungesemaje? Anasema. Namwambia andika hivyo hivyo." Akakuna kichwa. "Nilidhani unajua. Nilidhani mnakaa mnazungumza, mume na mke."

Hapo Saul alikaa. Jambo la ajabu ni kwamba wivu uliomshika sasa ulikuwa mkubwa kuliko ule aliokuja nao. Kumwonea Dale wivu kulikuwa kama ugonjwa aliouzoea. Huu ulikuwa mpya. Kwa miezi kumi na mitatu mwanamke aliyelala upande wake wa kushoto, anayekoroma, anayesahau kuzima taa ya bafuni, amekuwa akimtilia maneno kinywani binti yake, na ulimwengu ukayapenda kuliko ya baba.

"Nataka jina lake liingie kwenye ukurasa wa kwanza," Dale alikuwa anasema. "Kwenye kisanduku cha majina. Si kwamba ameandika herufi tu, jina lake liwe pamoja na lako kwenye maneno. Nimemwambia tangu toleo la hamsini na tano. Anakataa. Anasema, muulize Saul kwanza."

"Na Saul akikataa?"

Dale akachezea penseli yake. "Wewe ndiye uliyembuni. Sitakulazimisha. Ila kuna kitabu kipya mwakani, hakina mwandishi. Itabidi nimpe Bi. Nettie hicho, peke yake."

Peke yake! Saul aliliona jina hilo likikaa peke yake juu ya ukurasa, na roho ikamuuma zaidi.

"Liingie," alisema haraka. "Nani kasema nakataa?"

*

Njia nzima kwenye treni alipanga la kusema, na alipofungua mlango akasema jingine.

"Tangu lini?"

Nettie alikuwa anamenya viazi. Aliona tai, akaona uso, akakiweka kisu chini. "Kwa hiyo amekwambia."

"Mimi ndiye nakuuliza. Tangu lini unanisahihisha nyuma ya mgongo wangu?"

"Toleo la arobaini na tisa. Ulikuwa umejaza maneno sitini kwenye kiputo cha maneno ishirini, Saul. Hayakuingia. Nilimpigia Dale, nikamwambia hayaingii, akasema punguza. Nikapunguza."

"Ukapunguza."

"Nikapunguza. Akapiga tena, akasema, hapo ulipopunguza pametulia, hebu nifanyie na hapa. Mwezi uliofuata tena. Kila mara nikajiambia, leo nitamwambia. Nakuja chumbani, nakukuta unajisomea kwa sauti huku umefumba macho. Ungekuwa wewe ungesema?"

"Ningesema!"

"Hungesema."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Saul alimwambia mkwewe, kana kwamba Mama Pesha alikuwa hakimu. "Umesikia, mama? Mwanao amenila miezi kumi na mitatu."

"Nimesikia," alisema Mama Pesha. "Nimesikia pia kwamba kitabu kilikuwa kinakufa na sasa hakifi. Ungekaa kula viazi ungefanya la maana."

"Mama, nyamaza," alisema Nettie. Kisha akamgeukia mumewe. "Sikutaka kukuaibisha. Lakini sitakudanganya, nilipenda. Naamka asubuhi nikijua Connie atasema jambo, na mimi ndiye nitakayelisikia wa kwanza. Miaka ishirini na sita naandika maneno ya watu, Saul. Hakuna aliyewahi kuniuliza, wewe ungesemaje."

Saul alikuwa na jibu kali, lakini kwa bahati alikumbuka kwamba ameshakubali. Akavuta pumzi, akanyoosha tai yake. "Nimeamua," alisema, "jina lako liingie kwenye kisanduku. Nimemwambia Dale. Amekubali."

Nettie akamkumbatia kwa mikono yake yenye wanga wa viazi, akalia begani kwake. Saul alimpigapiga mgongoni. Alijisikia mtu mwema sana, na hali hiyo ilidumu mpaka chakula kilipokwisha.

*

Jina hilo lilimchukua Nettie asubuhi nzima. Alipiga mistari yake ya penseli, akapima, akafuta, akapima tena. Mwisho akaandika kwa wino, mstari mmoja ndani ya kisanduku: MANENO: SAUL NA NETTIE GRODNER. Akamsomea mamake, mamake akamwambia amsomee tena. Mama Pesha akampigia simu muuza nyama, akampigia binti yake mwingine wa Cleveland, kisha akagonga bomba la kupashia nyumba joto kwa bakora mpaka Bi. Fusco wa ghorofa ya chini akapanda kuuliza nani amekufa.

Kurasa zilikuwa zimechelewa, na mtambo wa uchapaji haumngoji mtu. Nettie hakuweza kumwacha mamake, mguu ulikuwa umemvimba. Saul akajitolea kuzipeleka. Alizibeba kifuani kama mayai, na wallahi, alipotoka nyumbani hakuwa na nia mbaya.

Kwenye chumba cha wachoraji palikuwa na vijana wawili wanaovaa makoti kwenda kula. Mmoja alimwona na ile bahasha kubwa, uso ukamchanua.

"Za Bi. Nettie hizo? Lete tuone! Wewe ni nani, tarishi?"

Mwenzake akamkanyaga mguu. "Acha upuuzi, huyu ni mume wa Bi. Nettie."

"Aa! Samahani, bwana. Mwambie mkeo tunampenda. 'Miguu inaniuma'! Nimeiandika nikaibandika juu ya kitanda changu."

Wakaenda zao wakicheka. Hawakumaanisha ubaya, na labda ndiyo sababu ilimchoma hivyo. Mume wa Bi. Nettie. Miaka ishirini na tisa katika kazi hii, mashujaa kumi na saba aliowazaa, kumi na sita wamekufa, na huyu mmoja aliyebaki sasa ana mama. Saul alitoa ukurasa wa kwanza. Kisanduku kilimtazama. Kwenye meza ya karibu palikuwa na kichupa cha rangi nyeupe na brashi yake, rangi ile ile wanayofutia makosa, na kamera ya uchapaji haioni chini yake.

Hakufikiri sana. Mkono wake ulitangulia, ukafunika NA, ukafunika NETTIE, ukarudia mara ya pili ili wino usichomoze. Kisha akapuliza. Kwa dakika moja hivi akajisikia vizuri kuliko alivyojisikia mwaka mzima.

Dale aliingia mbio na tarishi wa kweli nyuma yake. "Bwana Grodner, umetuokoa, lori linangoja." Akapitisha macho upesi upesi, na kwenye ukurasa wa kwanza macho yakasimama. "Hapa vipi?"

"Ni yeye mwenyewe," alisema Saul. "Dakika ya mwisho ameona haya. Unajua alivyo."

"Bi. Nettie kasema litolewe?"

"Kasema. Tena nakuomba usimguse kwa hilo, utamzidishia haya."

Dale alisimama kidogo na penseli yake ya buluu. Alikuwa mhariri mzuri, alijua palipolegea. Lakini tarishi alikuwa ameshika kitasa. "Haya," alisema, na huzuni ilikuwa wazi sautini. "Kama ni yeye." Kurasa zikaondoka.

*

Kitabu kilichukua wiki kumi kurudi kimechapwa. Wiki kumi hizo Nettie alikuwa akiimba jikoni. Alinunua bahasha kumi na mbili, akaandika anwani za jamaa. Kila Ijumaa Mama Pesha akiwasha mishumaa yake ya Sabato alinong'ona dua ndefu, na jina la Nettie likasikika ndani yake.

Saul alikonda. Jumatatu alipanga kusema Jumanne. Jumanne alijiambia kwamba huenda wametambua kosa huko mtamboni, huenda rangi imechubuka, huenda lori limepinduka. Nettie alimpikia maini, akidhani ni tumbo.

Furushi lilifika Alhamisi asubuhi, na Bi. Fusco alikuwa amepandishwa makusudi na keki yake ya limau. Mama Pesha alikaa katikati na gauni lake jeusi la harusi za watu.

"Asome Bi. Fusco," aliamuru. "Mimi macho sina, na mwenye jina hajisomei."

Bi. Fusco akavaa miwani, akafungua. "Haya. 'Maneno: Saul...'" Akasita, akasogeza karatasi mwangani. "'Saul... Grodner.'" Akageuza ukurasa, akaurudisha. "Mbona pana shimo hapa katikati? Au jino limetoka?"

Hakuna aliyecheka. Nettie akakichukua kitabu. Alikitazama kwa macho ya kazi, kutoka herufi moja hadi nyingine, na kidole chake kikapita taratibu juu ya ile nafasi tupu.

"Wahariri hao," alisema Saul. "Yule Dale. Unawajua walivyo. Mdomoni asali."

"Kata keki, Bi. Fusco," alisema Nettie. "Isipoe bure."

Walikula. Mtu akitaka kujua aibu ilivyo, akale keki ya limau pamoja na watu watatu wanaoangalia sahani zao. Bi. Fusco alipoondoka, Nettie alizoa makombo yote ya mezani kwanza.

"Ofisini kuna watu watatu wanaoandika herufi," alisema. "Dale angetaka jina langu litoke, wangefuta mstari wote, wakauandika upya, majina yako yakakaa pamoja. Hata mwanafunzi hawezi kuacha pengo hili. Huyu aliyefanya hivi anajua rangi ilipo, lakini hawezi kuandika herufi moja ya wino." Akamwangalia. "Walau ungeniambia nikuandikie mwenyewe, Saul. Ningekuandikia vizuri."

Saul akakifunga kitabu.

"Ukiyastaajabu ya Musa," alisema Mama Pesha, na safari hii sauti yake haikuwa na kicheko, "utaona ya Firauni. Firauni mwenyewe ninakaa naye."

*

Nettie hakupiga kelele, hakununa, hakuhama chumba. Saul angependa afanye mojawapo. Alipika, alifua, na saa tatu kila asubuhi alikaa mezani pake. Kurasa za toleo la sitini na tano zilipofika, alizifungua mbele ya mumewe na kuweka karatasi ya taipureta kando.

"Kuanzia leo," alisema, "naandika ulichoandika."

Na kweli. Kiputo kilipokuwa kidogo, alibana herufi. Simu ya Dale ilipolia saa nne, Saul alimsikia mkewe: "Ndiyo, nimeona ulipozungushia. Hapana, sina maoni. Mimi ni mwandika herufi tu, Bwana Kittredge. Mpigie mwenyewe." Hakucheka hata mara moja.

Wiki ya kwanza Saul alifurahi. Kila neno lilikuwa lake! Wiki ya pili, akipita jikoni, aliona Bibi Daraja ananing'inia kwa mkono mmoja juu ya moto, na mkono mwingine amemshika mtoto wa watu, na kinywani: "Ewe moto mlafi! Je, hujui ya kwamba utashi wa haki hauunguzwi na ndimi zako?" Alisimama akasoma tena. Mtoto yule kwenye picha alikuwa amefumba macho kwa hofu. Kwa mara ya kwanza Saul alijiuliza kwa nini mtu anayeshikilia mtoto juu ya moto anazungumza na moto.

"Hapo," alisema, "labda pafupi kidogo..."

"Niandikie unachotaka, nitakiandika."

Alirudi chumbani, akakaa mbele ya taipureta mpaka chakula cha mchana. Alipata: "Ewe moto!" tu.

Dale alipiga mwezi wa Novemba, akamtaka Saul. Bei ya karatasi imepanda, wakubwa wanafunga vitabu vinane. "Nilikuwa na hoja ya kumtetea," alisema. "Nilikuwa nawasomea kurasa zenyewe, wakubwa wakatulia. Safari hii nimewasomea ya moto." Akashusha sauti. "Toleo la sitini na sita ndilo la mwisho. Awaage watu vizuri, Bwana Grodner. Anastahili."

*

Picha ya mwisho ya ukurasa wa mwisho ilikuwa nzuri. Mchoraji alikuwa amemtia Connie Varga ndani ya kibanda chake cha ushuru, asubuhi, kofia mkononi, mlango wazi, na nje msichana mgeni wa kazi amesimama na chakula chake kwenye mfuko. Juu ya kichwa cha Connie kilikuwepo kiputo kimoja, kitupu.

Saul alikaa nacho siku nne. Aliandika "Kwaheri, ulimwengu!" Akachana. Aliandika "Popote palipo na dhuluma..." Akachana kabla hajafika mwisho. Siku ya tano aliingia jikoni na ukurasa ule, akauweka mbele ya Nettie, na akabaki amesimama kama mtu aliyekuja kukopa.

"Sina," alisema.

Nettie aliiweka kalamu chini.

"Nimetafuta, sina. Sijui angesema nini. Wewe unajua." Ilimtoka kwa shida. "Nilikuonea wivu, Nettie. Bado nakuonea. Nikikuona unashika kalamu hiyo, hapa panaunguza. Lakini asiondoke mdomo mtupu kwa ajili yangu."

"Na kisanduku?"

"Andika wewe. Andika lako peke yake ukitaka."

"Sitaki la peke yangu. Sikulitaka siku yoyote." Akauvuta ukurasa wa kwanza, akapiga mistari, akaandika majina yote mawili, bila haraka, mbele yake. Kisha akarudi kwenye kile kiputo. Alimtazama Connie kwa muda mrefu. Midomo yake ilicheza kidogo. Kalamu ikashuka.

Saul alisoma kinyumenyume, kutoka upande wa pili wa meza, na kabla wino haujakauka kile kitu kikampanda tena kifuani, kile kile, kikali kama siku ya kwanza. Maneno yalikuwa sahihi mno. Angetoa miaka yake ishirini na tisa yote awe ameyasema yeye.

Nettie alizitia kurasa ndani ya bahasha. Saul akanyoosha mkono, kwa mazoea.

"Acha," alisema Nettie. "Nitapeleka mwenyewe." Akavaa koti, akavaa kofia yake ya sufu, akaiweka bahasha chini ya kwapa. Hakusema kwa hasira. Mlango ukafungwa, na hatua zake zikasikika ngazini mpaka chini.

Mama Pesha alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani. "Anasemaje mwishoni?" aliuliza. "Huyo mtoto wa darajani."

Saul alijua kwa moyo. "Anamwambia yule msichana mgeni, 'Zamu yangu imekwisha. Kiti bado kina joto, njoo ukae.'"

Bibi kizee akatoa kitambaa, akafuta macho yale yasiyoona vizuri, akakikunja tena.

"Na hayo ni ya nani?"

Hakukuwa na mtu mwingine chumbani, na huyu hasomi Kiingereza; angeweza kudai ni yake.

"Ya Nettie," alisema Saul.

"Najua ni ya Nettie. Mimi nimemzaa." Akajivuta akae vizuri. "Ila hilo, mkwe wangu, ungelisema kabla hajafunga mlango."